Tumbo Safi

Mama yangu ana vidonda vya tumbo tangu mimi sijazaliwa. Ugonjwa huo tumeuzoea nyumbani kama watu wanavyomzoea mpangaji. Tunajua unachokipenda na unachokikataa, tunajua na siku ambazo umeamka vibaya. Kwa hiyo mama alipoamua kwamba na mimi nitakuwa navyo, hakuhangaika kuuliza mtu.

Ilikuwa jikoni kwetu, Soweto hapa Mbeya, siku moja kabla sijapanda basi la kurudi shule. Nilikuwa naingia kidato cha tatu kwenye shule ya bweni ya wasichana huko Mufindi, mkoa wa Iringa, ukishapita Igowole unaingia ndani kwenye mashamba ya chai. Mama alikaa kwenye stuli, akamimina vidonge vyangu kwenye sahani. Vidogo, vya njano, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Akachukua kibahasha kitupu cha dawa, cha karatasi, kama wanavyotoa duka la dawa, akaweka pembeni kibahasha cha dawa zake mwenyewe za tumbo, akaanza kunakili maandishi kutoka hiki kwenda kile. Aliandika kwa uangalifu, ulimi umetoka kidogo, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ukiulizwa, sema tumbo."

"Wakiniuliza linauma wapi?"

"Hapa." Akanigusa chini ya kifua. "Linawaka moto, hasa ukiwa na njaa. Maharage hapana, pilipili hapana. Wala usiwaze, mwanangu. Tumbo hakuna anayelikimbia."

Sikumuuliza ni nini ambacho watu wanakikimbia. Nilikuwa najua.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, kumaliza kidato cha nne pale shuleni bila kujulikana kwa jambo lolote. Wenzangu walikuwa wanataka kuwa madaktari, marubani, mmoja alitaka kuwa mbunge. Mimi nilitaka dawati langu la nyuma karibu na dirisha, na niwe mtu ambaye akitoka darasani hakuna anayegeuka kumtazama.

Niseme nilivyoanza kuumwa. Ilikuwa likizo ndefu baada ya mtihani wa kidato cha pili. Hakuna kilichotokea. Watu wanapenda kuuliza nini kilitokea, na mimi natamani ningekuwa na jibu, mtu amekufa, mtu amenifanyia ubaya, lakini hakuna. Nilianza tu kuona kila kitu ni kizito. Kuvaa soksi ilikuwa kazi ya kupangia siku. Naambiwa nichuje chai, nakaa na chujio mkononi nalia, na ukiniuliza nalia nini nazidi kulia kwa sababu sijui. Sikuoga. Usingizi ukanikimbia kabisa, halafu nikaanza kusikia mtu ananiita jina nikiwa bombani, nageuka, hakuna mtu.

Mama kwanza alisema uvivu. Kisha akasema mapenzi, akanikagua mfuko wa shule. Kisha wamama wa kanisani wakaja kuniombea, wakanishika kichwa wote kwa pamoja mpaka shingo ikauma. Mwisho akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa dada kijana, amevaa sweta juu ya koti lake jeupe, akaniuliza maswali taratibu, akasema ni ugonjwa unaitwa sonona, na kwamba wengi wa umri wangu wanaumwa, na kwamba dawa zipo.

Alisema vizuri. Ila mimi nilikuwa sisikilizi, nilikuwa natazama tuko jengo gani. Lile jengo la nyuma, la wagonjwa wa akili, watu wa Mbeya wanalitaja wakitaka kumtukana mtu. "Wewe ulitakiwa uwe kule nyuma." Benchi la kusubiria linatazama barabara. Nilikaa nimejifunika kanga usoni kama maiti.

Kuna mwanamume mmoja sokoni kwetu anatembea na mifuko ya plastiki imemjaa mwilini, anaongea peke yake. Watoto wote wa mtaa wetu tumekua tunamkimbia na kumwimbia. Siku ile nilipopewa dawa sikufikiria kupona, nilimfikiria yeye. Nikawaza kumbe ndivyo inavyoanza, yeye pia kuna siku alikaa kwenye benchi na mama yake. Mtu wa kwanza kuniita chizi nilikuwa mimi mwenyewe, kichwani, tukiwa bado hatujatoka getini. Tangu hapo wengine wote wamekuwa wanarudia tu.

Dawa mama alikuwa anazinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la dawa mjini, kwa sababu hakuna mtu wa kanisa letu anayenunua pale. Mzee yule amezaliwa hapa hapa, anamsalimia mama Kinyakyusa, "Ugonile," mama anacheka, halafu anamwambia kwa sauti ya chini, "Asiache, mama. Anywe kila siku akienda kulala. Asiache." Mama alikuwa anashukuru, "Ndaga, baba." Alikuwa anasikia. Lakini siku ile jikoni alivyokuwa ananakili kibahasha chake, alinakili chote.

Shuleni kwetu mwanafunzi haruhusiwi kukaa na dawa bwenini, hata ya mafua. Unamkabidhi matroni, naye anazifungia kabatini kwake, na kila mtu anapanga foleni dirishani kwake kumezeshwa. Matroni wetu alikuwa mama wa Kihehe, mnene, sauti inafika mpaka jikoni. Alipokea kibahasha changu, akakisogeza mbali na macho, akasoma.

"Vidonda vya tumbo. Pole, mama yangu. Asubuhi kabla ya kula."

Ndipo nilipoona alichofanya mama.

"Matroni, mimi huwa nakunywa usiku."

"Usiku? Dawa ya tumbo usiku, tumbo limeshashiba ugali?" Akacheka. "Imeandikwa asubuhi. Nani anajua, wewe au dokta?"

"Dokta."

"Eeh. Kesho mapema, kabla ya uji."

Ningeweza kusema sentensi moja. Nimeifikiria sana hiyo sentensi, haina hata maneno mengi. Lakini ukiitoa hiyo hairudi, na nilihesabu kwamba kulala darasani ni afadhali.

Jumapili tulikuwa tunaruhusiwa kuongea na wazazi kwa simu ya matroni, naye anaweka sauti ya nje ili foleni isikie na mtu asijisahau. Nikamwambia mama, "Dawa nakunywa asubuhi." Nikasikia redio ya nyumbani, nikasikia kuku.

"Fuata anavyosema matroni," mama akasema.

Basi nikawa nakunywa asubuhi. Kufika kipindi cha pili macho yananitoka maji, mdomo mkavu kama nimekula unga, na sauti ya mwalimu inakuja kwa mbali kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Nikawa nalala. Silali kwa kusinzia, nalala kweli, mate yanatoka. Usiku, wenzangu wakilala, mimi niko macho nasikiliza upepo kwenye miti ya milingoti. Mwalimu wa Jiografia akanizoea.

"Huyo wa dirishani! Leo ndoto imefika mkoa gani?"

Darasa linacheka. Na mimi nacheka kidogo, ili nionekane mmoja wao.

Lakini kusema kweli, vidonda vya tumbo vilinipa heshima ambayo sijawahi kupata. Wenye vidonda, pumu na kisukari walikuwa wanakula meza yao peke yao, tunaiita meza ya speshali. Wenzetu wanakula ugali na maharage, sisi tunapewa wali, viazi, na maziwa ya moto. Wasichana walikuwa wanapita pale wanasema, "Jamani na mimi nitafutieni vidonda hata kimoja." Kuna dada wa kidato cha nne, yeye ndiye alikuwa kama mwenyekiti wa meza, vidonda vyake vya kweli, ametapika damu kabisa. Alinipokea kama mdogo wake. Ananiuliza, "Leo linawaka?" Najibu, "Linawaka." Ananimegea kiazi.

Matroni naye akaniongezea tiba yake. Kila asubuhi baada ya kidonge, kikombe cha juisi ya kabichi mbichi, aliyoisaga mwenyewe, ya kijani iliyofifia, ina harufu ya maji yaliyolala.

"Kunywa. Shangazi yangu alipona kwa hii. Alikuwa hawezi hata kunywa maji, sasa hivi anakula pilipili."

"Asante, matroni."

"Yote, yote. Usiniachie matone."

Nilikuwa nainywa yote, naenda nyuma ya jiko, naitapika yote.

Wiki kadhaa baada ya shule kufunguliwa alikuja msichana mpya, wa kidato cha tatu kama mimi, kutoka Mgololo. Baba yake anafanya kazi huko kwenye kiwanda cha karatasi. Naye aliletwa meza ya speshali. Mgeni wa meza ile lazima aulizwe, ndiyo salamu yenyewe. Dada wa kidato cha nne akamuuliza, "Haya, wewe unaumwa nini?"

"Akili," akasema, huku anapuliza maziwa yake.

Wakacheka. "Acha utani bwana."

"Sitanii. Mwaka jana nilidata, nikakaa hospitali. Natumia dawa. Wamesema nikinywa nisikae na njaa." Akanywa funda. "Haya maziwa yana chumvi au?"

Hakuna aliyemjibu kuhusu maziwa. Dada wa kidato cha nne akanyanyua sahani yake, akahamia mwisho wa benchi. Wa pumu akamfuata. Wa kisukari akajifanya anakwenda kuchukua kijiko, hakurudi. Mimi nilibaki pale pale, karibu naye, na naandika hapa ukweli kwamba haikuwa upendo. Mwisho wa benchi palikuwa pamejaa.

Nikamtazama anavyokula. Alikula viazi vyote. Nilikuwa nasubiri aonekane ameumia, ili nijue itaniuma kiasi gani. Lakini alikula tu.

Baada ya hapo wakamwita mtandao. "Mtandao umekata leo?" "Leo upo, una baa mbili." Naye mara nyingine anawajibu, "Upo, ila wewe sikupigii." Nilimwogopa. Nilimwogopa kuliko wengine wote walivyomwogopa, kwa sababu wao walikuwa wanamwogopa yeye tu.

Asubuhi moja alikuja dirishani kwa matroni kuchukua dawa ya kifua. Alikuwa nyuma yangu. Akaona kidonge kiganjani mwangu.

"Hicho kama changu," akaninong'oneza.

"Mimi tumbo."

"Mimi nameza usiku. Ukimeza asubuhi utalala kama gogo." Akanitazama, nikaona anaunganisha mambo. "Ndiyo maana unalala."

"Mimi tumbo," nikarudia.

Akakohoa.

"Haya. Tumbo."

Hakukasirika, wala hakumwambia mtu. Tangu siku ile akinikuta mezani ananiuliza kama wengine, linawaka? Najibu, linawaka. Hata leo akiniuliza dirishani pale ningemjibu hivyo hivyo. Nimejaribu kichwani mara nyingi kubadilisha jibu, na kila mara linatoka lile lile.

Sasa, msichana anayelala darasani, anayetapika kila asubuhi nyuma ya jiko, anayekula chakula cha peke yake, kwetu ana jina moja tu. Mpishi alikuwa ameniona. Matroni akaniita chumbani kwake, akafunga mlango, sauti yake ikawa ndogo mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mama yangu, niambie. Nani?"

"Nani nini, matroni?"

"Usinifanye mtoto. Mwezi wako ulikuja lini?"

Akanipa kikopo, nikaenda chooni, nikarudi nacho nimekifunika kwa kiganja. Akachovya kile kipimo cha mimba, akakiweka dirishani, tukakaa kitandani kwake tunakitazama pamoja kama watu wanaosubiri chai ichemke. Mimi sijawahi hata kushikwa mkono na mvulana. Nilikuwa najua kabisa kipimo kitasema nini. Lakini nitaandika kwa sababu hapa naandika kila kitu. Nilitamani itoke mistari miwili. Msichana mwenye mimba wanamsema, wanamlaumu, halafu anajifungua na wanambeba mtoto. Inaisha. Watu wanajua wamweke wapi.

Ukatoka mstari mmoja.

"Ashukuriwe Mungu," matroni akasema, akanikumbatia, mpaka kifua changu kikabanwa. "Basi hilo tumbo ni baya. Hilo tumbo linahitaji kupimwa."

Akampigia mama pale pale, sauti ya nje. Akamweleza mtoto anatapika, analala, amekonda, kabichi haisaidii, kwa hiyo ataenda naye mwenyewe hospitali Iringa mjini, kuna kipimo cha kumeza mpira wenye kamera, wanaangalia vidonda vilipo.

"Mama mtu, unaonaje?"

Nilikaa natazama simu. Nilikuwa najua mama naye ameshikilia simu yake kwa mikono miwili. Tulikuwa wawili tu tunaojua, na kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake.

"Mpelekeni tu, matroni," mama akasema. "Mungu awabariki."

Gari la shule lilitutoa na ukungu, tukapita mashamba ya chai, tukapita Mafinga, tukapita mipaina iliyopangwa mistari mpaka kichwa kinazunguka. Sikuruhusiwa kula wala kunywa. Njia nzima matroni alikuwa ananishika goti. "Usiogope. Unameza tu kama ugali wa moto."

Si kama ugali wa moto. Wanakupulizia dawa chungu kooni mpaka hujui ulimi wako uko wapi, wanakulaza ubavu, wanakuwekea kitu cha plastiki mdomoni usiume, kisha mpira unaanza kushuka na wewe unasikia unavyoshuka. Machozi, makamasi, vyote vinatoka. Nesi alikuwa anasema, "Meza, meza, dada, meza." Na mimi nilikuwa nameza. Hata pale, mpira ukiwa umefika kifuani, niliona ni rahisi kuliko ile sentensi.

Daktari alikuwa mwanamume, mpole, na mzaha wake wa kizee ingawa hakuwa mzee. Tulivyokaa mbele yake akatabasamu.

"Hongera. Tumbo safi kabisa. Zuri kuliko hata la kwangu."

"Safi?" Matroni hakufurahi, alishtuka. "Sasa anaumwa nini, dokta?"

"Anatumia dawa gani?"

Matroni akafungua mkoba, akatoa kibahasha. Daktari akasoma, akamimina kidonge kimoja kiganjani, akakigeuza. Akanitazama mimi, siyo matroni. Nadhani alinipa nafasi niseme mwenyewe. Nilitazama kalenda ukutani.

"Matroni, hizi siyo za tumbo."

"Za nini?"

"Za kutibu sonona. Ni ugonjwa wa akili, unatibika vizuri tu. Zinatakiwa zimezwe usiku, ndiyo maana analala darasani." Alisema kwa upole, kama anasema malaria. "Binti, hujafanya kosa lolote."

Matroni alikuwa bado ameshika goti langu. Hakuutoa mkono haraka. Aliutoa taratibu, akauweka juu ya mkoba wake, kama mtu aliyekumbuka kitu kilichokuwa humo. Nimeambiwa mambo mengi mabaya maishani mwangu na watu wenye sauti kubwa, lakini mkono ule ndio ninaousikia.

Kurudi hakusema kitu mpaka karibu na Mafinga.

"Ungeniambia," akasema. "Nimekunywesha makabichi yote yale."

"Samahani, matroni."

"Nimekunywesha makabichi, mtoto wa watu."

Hakumwambia mtu. Sina ugomvi naye. Alianza kunipa dawa usiku kama daktari alivyosema, tena mbele yake, "Panua mdomo, nyanyua ulimi." Kesho yake akaja bwenini wenzangu wakiwa wanajiandaa kwa usafi, akafungua sanduku langu, akatoa wembe wa kuchongea penseli, akatoa mkasi, akafungua na kamba niliyofungia kitandani ya kuanikia soksi. Aliiviringisha mkononi akaondoka nayo. Bweni zima lilikuwa linatazama.

"Kamba yako matroni kaichukulia nini?" akauliza msichana anayelala kitanda cha chini yangu.

Hawakuhitaji jibu langu. Jioni ile ile godoro lake lilikuwa limehamia upande wa pili.

"Siyo kwamba nakuchukia," akaniambia. "Naogopa tu. Ukiamka ukaninyonga je?"

"Sitakunyonga."

"Unajuaje?"

Nikaona kwamba hata mimi sijui. Ndiyo shida. Mtu mwingine angekasirika. Mimi nilikaa kitandani nikaanza kuangalia mikono yangu, nikifikiria swali lake kwa makini, kama la mtihani.

Na jambo la ajabu ni kwamba wiki ile nilikuwa nalala usiku. Mchana niko macho. Mwalimu wa Jiografia alichora mto ubaoni na nikauelewa, unavyokata kona na kuacha ziwa dogo nyuma yake; nikanyoosha mkono nikajibu swali, mara ya kwanza tangu Januari. Hakuna aliyecheka. Darasa zima liligeuka, likanitazama kimya, kama kiti kimeongea. Nilikuwa mzima kuliko siku zote za muhula ule, na ndiyo siku zenyewe walizoanza kuniogopa.

Mezani, dada wa kidato cha nne alihamisha sahani yake tena. "Viazi vyangu vyote nilivyokumegea," akasema, na alikuwa ameumia kweli. Yule wa Mgololo akasogea kwenye nafasi aliyoiacha. Hakunifurahia wala hakunicheka.

"Sasa unalala?" akaniuliza.

"Nalala."

"Si nilikwambia."

Tukala. Ningekuwa mtu mwingine, ningesema hapo ndipo nilipopata rafiki. Lakini nilikuwa nakula haraka haraka ili wasituone tumekaa pamoja, mitandao miwili.

Mkuu wa shule akaniita. Alikuwa mama mwenye haki, kila mtu anasema hivyo. Akaniambia tatizo siyo ugonjwa, tatizo ni uongo. Kwamba yule mwenzangu wa Mgololo baba yake alikuja siku ya kwanza akaeleza kila kitu, na yuko salama, anasoma. Ila mimi nimewahangaisha, shule ingeweza kupata matatizo. Kwa hiyo nipumzike nyumbani. Nikipona, nitarudi.

"Umenielewa?"

"Ndiyo, madamu."

Nilitaka kuuliza kupona kukoje. Nitajuaje, na wao watajuaje, kuna mpira gani wa kumeza. Lakini mimi siulizi. Nikashukuru, nikatoka.

Mama alikuja kunichukua amevaa gauni la kanisani. Aliwasalimia wote, akawashukuru wote, akamwinamia matroni kwa shikamoo ingawa nadhani wako sawa umri. Tulipokaa kwenye basi tu, kabla hata halijaondoka, akanigeukia.

"Wamejua wangapi?"

"Wote, mama."

Akafunga macho. Hakunigombeza. Akavuta kanga yake akanifunika mapaja, kulikuwa na baridi, tukaenda hivyo mpaka Mbeya.

Hapa mtaani alishasema kabla sijafika. Alisema kidonda kilizidi, nimefanyiwa upasuaji Iringa. Kwa hiyo majirani wakaja na uji, na supu, na maembe, na mimi nikawa napokea nikiwa nimeshika tumbo, natembea nimeinama kidogo. Mama mmoja wa nyumba ya pili alitaka kuona mshono.

"Nionyeshe kidogo tu, mwanangu, mimi nilishonwa vibaya, nataka nilinganishe."

"Dokta amekataza kufungua," mama akadakia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Upepo."

Usoni mama yuko makini kabisa. Akiondoka mgeni hatucheki. Zamani tungecheka mpaka tukae chini, mama ana kicheko cha kulia. Sasa anachukua bakuli la mgeni, analiosha, na mimi naunyoosha mgongo, narudi kulala.

Yule daktari wa kwanza, dada wa sweta, nilirudi kwake mara moja. Aliniambia nitapata nafuu zaidi nikiwa na mtu wa kuongea naye bila kuficha. Akaniuliza yupo? Nikamfikiria yule wa Mgololo, nikasema hayupo. Dawa zinafanya kazi, hilo siwezi kukataa. Navaa soksi. Nachuja chai. Sisikii tena mtu akiniita. Lakini kuna mahali ambapo kidonge hakifiki, ni pale ninapojitazama na kujiambia wewe ni yule yule wa mifuko ya plastiki, umeoga tu.

Shule ile sirudi. Mama amepata nafasi nyingine, ya kutwa, hapa hapa mjini, ambapo hatujulikani. Jana tulikaa jikoni tunachambua mchele, baridi ya Juni inaingia chini ya mlango, akaniuliza bila kunyanyua macho.

"Pale tuwaambie nini? Maana wataona unameza dawa, wataona umekonda."

Ningeweza kumwambia tusiseme kitu. Au tuseme kweli, kama baba wa yule mwenzangu. Nilisikia mdomo wangu unajibu haraka, kama ulikuwa umeshajiandaa.

"Tuseme pumu."

Mama akafikiria. Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa.

"Pumu watataka kuona kile cha kupuliza mdomoni."

"Moyo?"

"Moyo watakupeleka kupimwa. Tumeshapimwa vya kutosha."

"Basi kichwa. Kinauma uma tu."

"Kichwa hapana," mama akasema. "Kichwa kiko karibu mno."

Tukaendelea kuchambua. Shule zinafunguliwa mwezi ujao, sare ameshaninunulia, imening'inia mlangoni, na bado hatujapata ugonjwa.